Saa ya Kondakta na Saa ya Abiria: Historia Fupi ya Kupima Kasi ya Hifadhidata

Nimepotea kwa majuma kadhaa, mnisamehe, kazi zilinibana. Leo nimerudi na kisa ambacho nimekikwepa kwa miaka mingi, kwa sababu ndani yake mwenye kosa ni mimi.

Vijana wanaojifunza kutengeneza programu huniuliza mara kwa mara swali kama hili: "Hifadhidata inasema ulizo langu limechukua sekunde 0.00. Mbona basi skrini inakaa kama imelala?" Kwa wale wasio wa fani hii, hifadhidata ni programu inayotunza majedwali ya taarifa, na ulizo ni sentensi ya SQL tunayoitumia kuomba taarifa hizo, kwa mfano "nipe deni la mteja namba 57". Jibu fupi la swali lao ni: uliza kwanza saa imeshikwa na nani. Jibu refu ni historia, na ndiyo nitakayoisimulia leo.

Mwaka 2008 nilikuwa nakaa Ruiru. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20. Ukimuuliza kondakta wa matatu safari hiyo ni ya muda gani, atakuambia nusu saa, na hasemi uongo. Yeye anahesabu tangu gari ling'oke mpaka lifike. Abiria anahesabu tangu alipofika kwenye steji, akasubiri gari lijae, likasimama kila penye mtu aliyeinua mkono, mpaka aliposhuka na kutembea hadi anakokwenda. Kwake ni saa nzima. Wote wawili wana haki. Kosa huanza pale unapochukua saa ya kondakta na kumhukumia abiria. Hilo ndilo nililolifanya.

KISA CHENYEWE

Kulikuwa na duka la jumla mjini Thika lililouza mbolea, mbegu na dawa za mifugo. Jina lake nalihifadhi. Mwenye duka, mzee mmoja mpole, alikuwa na programu ya mauzo aliyotengenezewa na kijana ambaye baadaye alipata kazi kwingine. Programu yenyewe ilikaa kwenye kompyuta ya kaunta, lakini hifadhidata, MySQL 5.0, ilikuwa kwenye seva ya kukodi huko Texas, Marekani. Siku hizo wengi tulifanya hivyo, kwa sababu seva ya Marekani ilikuwa rahisi na haikukatikiwa umeme.

Malalamiko yalikuwa kwamba mteja wa mkopo akija, akaunti yake inachukua muda mrefu kufunguka na foleni inafika mlangoni. Mzee akaniita nitazame. Nami, badala ya kupanda gari niende Thika, nilikaa Ruiru nikaingia kwenye ile seva kwa mbali, nikayaendesha maulizo ya programu moja baada ya jingine palepale ndani ya seva. Kila moja lilinijibu: sekunde 0.00. Nikafungua kumbukumbu ya maulizo ya polepole, nikaikuta tupu. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili, nikasema hifadhidata haina kosa lolote, kompyuta ya kaunta ni kuukuu, na mhudumu anahitaji mafunzo. Nikalipwa.

Mzee akanunua kompyuta mpya. Hali ikabaki ileile. Katika ripoti yangu mshukiwa aliyesalia alikuwa mmoja tu, yule mama wa kaunta. Akahamishiwa stoo kuhesabu magunia, na marupurupu ya kaunta yakakatwa.

Tumwache hapo kidogo. Tuone wataalamu wenyewe wamepimaje jambo hili, maana kosa langu lina wazee wake.

MWANZO: KUPIMA BILA SAA

Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alitoa makala yake maarufu iliyopendekeza taarifa zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Wenzake katika maabara ya IBM ya San Jose wakaanza kuitengeneza hifadhidata ya namna hiyo kwa vitendo, wakaiita System R. Lugha ya SQL ilizaliwa katika mradi huo.

Tatizo lilikuwa moja. Katika SQL mtu husema anataka nini, lakini hasemi kipatikane vipi. Ni lazima mashine ichague njia yenyewe, na ili kuchagua inabidi ikadirie gharama ya kila njia kabla ya kuipita. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake walieleza walivyofanya. Gharama ya ulizo ilikuwa idadi ya kurasa zitakazosomwa kutoka kwenye diski, kuongeza idadi ya rekodi zitakazoshikwa iliyozidishwa kwa uzito fulani unaowakilisha kazi ya prosesa.

Angalia vizuri, hakuna sekunde hapo. Hakuna saa kabisa. Ni sawa na kukadiria safari ya Thika kwa kuhesabu matuta na steji. Kwa kazi ya kulinganisha njia mbili hilo linatosha, na mpaka leo PostgreSQL inafuata mtindo huo. Kusoma ukurasa mmoja kwa mfululizo ni 1.0, na kuruka hadi ukurasa wa mbali ni 4.0, kwa kipimo cha kawaida kisichobadilishwa. Ukiona "cost" ya 4500 usidhani ni milisekunde. Ni makadirio yasiyo na uniti ya muda.

BENKI, NA MAJARIBIO YA KUJIPENDELEA

Wateja hawakuishi kwa makadirio. Mwaka 1973 benki moja kubwa ya Marekani ilitaka kuunganisha matawi 1,000, wahudumu 10,000 na akaunti milioni 10 kwenye mfumo mmoja, kwa kasi ya miamala 100 kila sekunde. Kulikuwa na sharti la ziada: asilimia 95 ya miamala ijibiwe ndani ya sekunde moja. Sharti hilo la pili ni la muhimu sana. Ndilo lililomweka mhudumu, na mteja aliyesimama mbele yake, ndani ya kipimo.

Kutokana na kisa hicho likaja jaribio lililoitwa TP1, ambalo wauzaji walilipenda mno. Walichukua muamala uleule wa benki, wakauendesha kwa mafungu ndani ya mashine, bila mtandao na bila wahudumu. Namba zilipaa, na ni wazi kwa nini: waliipima matatu ikiwa imejaa tayari na barabara tupu.

Jim Gray, aliyekuwa kampuni ya Tandem, hakuridhika. Aliandika makala akawazungushia wenzake, na ikachapishwa tarehe 1 Aprili 1985 katika jarida la Datamation. Mwandishi alitajwa kuwa "Anon et al.", yaani mtu asiye na jina pamoja na wenziwe :-) Humo alieleza jaribio la DebitCredit, akirudisha mtandao, wahudumu na lile sharti la asilimia 95.

Mwaka 1988 Omri Serlin akakusanya kampuni nane na kuunda baraza la TPC, ili kuwe na kanuni moja ya kupima. Jaribio lao la kwanza, TPC-A, lilitolewa Novemba 1989. Lilitaka asilimia 90 ya miamala ijibiwe ndani ya sekunde 2, na muda ukapimwa upande wa vituo vya wahudumu, mtandao ukiwamo. Saa ikatoka chumba cha mashine ikapelekwa kaunta. Ilichukua miaka 16, kuanzia 1973 hadi 1989, kukubaliana juu ya jambo ambalo abiria yeyote wa Ruiru analijua.

Kulikuwa pia na ugomvi wa nani aruhusiwe kuzitangaza namba. Mwaka 1983 David DeWitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipima hifadhidata kadhaa na kuchapisha matokeo. Oracle haikufurahishwa na namba zake. Baadaye ikaweka katika leseni yake kifungu kinachomkataza mnunuzi kuchapisha vipimo bila idhini, na wauzaji wengine wakaiga. Watu wa fani hii hukiita kifungu cha DeWitt mpaka leo.

KILA CHOMBO NA SAA YAKE

Sasa turudi kwenye vyombo vyetu wenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapojikwaa.

Kwanza, ule mstari wa MySQL unaosema "1 row in set (0.00 sec)". Namba hiyo haitoki kwenye seva. Inapimwa na programu ndogo ya mteja, ile unayoandikia amri zako, tangu inapotuma ulizo mpaka inapopokea jibu. Kwa hiyo mtandao umo, lakini ni mtandao ulio kati ya programu hiyo na seva. Mimi niliifungua programu hiyo ndani ya seva yenyewe. Ulizo langu halikusafiri hata mita moja.

Pili, kumbukumbu ya maulizo ya polepole. Katika MySQL 5.0 kizingiti chake kilikuwa sekunde nzima. Kawaida kilikuwa 10, na chini kabisa ungeweza kukishusha mpaka 1. Uwezo wa kwenda chini ya sekunde ulikuja na toleo la 5.1. Tena muda wa kusubiri kufuli za mwanzo haukuhesabiwa. Ulizo la sekunde 0.4 linaloitwa mara elfu moja lisingeonekana humo kamwe. Kuikuta tupu hakukuwa na maana niliyoipa.

Tatu, akiba. MySQL za wakati ule zilikuwa na akiba ya majibu: ukirudia ulizo lilelile na majedwali hayajabadilika, unapewa jibu la awali bila kazi yoyote. Mimi nilirudia kila ulizo mara tatu "ili kuhakikisha". Nilichohakikisha ni kwamba akiba inafanya kazi. Akiba hiyo iliondolewa katika MySQL 8.0 mwaka 2018, lakini kurasa za diski bado hubaki kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo mara ya kwanza na ya pili bado hazifanani.

Nne, watu wa PostgreSQL. Wao wana EXPLAIN ANALYZE tangu toleo la 7.2 la mwaka 2002. Amri hiyo huliendesha ulizo kwelikweli na kukuonyesha kila hatua ilichukua milisekunde ngapi. Ni chombo kizuri sana, lakini hukitupa kile kilichopatikana badala ya kukutumia. Muda wa kupanga njia ulianza kuonyeshwa mwaka 2014 katika toleo la 9.4. Kazi ya kuyageuza matokeo kuwa maandishi ya kutuma ilipata kipimo chake mwaka 2024 katika toleo la 17, ukiongeza neno SERIALIZE. Safari ya mtandaoni haimo hata sasa. Tena kuitazama saa kwenyewe kuna gharama: ulizo linalogusa mamilioni ya safu hupungua kasi kwa sababu ya kupimwa.

Tano, Oracle. Tangu toleo la 7 hifadhidata hiyo iliweza kuandika inasubiri nini na kwa muda gani. Mojawapo ya masubiri hayo huitwa "SQL*Net message from client", yaani seva imekaa inangoja mteja aseme neno. Mafundi wengi walilipuuza, wakasema huo ni muda wa seva kupumzika. Mwaka 2003 Cary Millsap na Jeff Holt walitoa kitabu, Optimizing Oracle Performance, wakapinga. Walisema anza na kazi ya mtumiaji, pima muda wake wote, kisha ugawanye mpaka kila kipande kijulikane kimekwenda wapi. Muda ambao seva "inapumzika" katikati ya kazi ya mtu ni muda ambao mtu huyo anasubiri.

Ningekisoma kitabu hicho mapema, yule mama asingehesabu magunia.

NIKAENDA THIKA

Miezi miwili ilipopita mzee alinipigia simu. Alikuwa amemweka kaunta kijana mwenye vidole vyepesi, na foleni bado ilifika mlangoni. Ndipo nikapanda gari.

Kabla sijagusa kompyuta, yule mama alitoka stoo akaniletea daftari la shule. Tangu kabla ya kuhamishwa alikuwa akipima kwa simu yake ndogo ya Nokia, kuanzia anapobonyeza jina la mteja mpaka akaunti inapofunguka. Alikuwa ameandika tarehe, jina la mteja na sekunde. Wateja wapya walikuwa sekunde 2 au 3. Wateja wa zamani walikuwa 14, 15, 14. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikusomea kompyuta. Lakini saa naijua kusoma."

Sikuwa na la kusema isipokuwa, "Samahani, mama." Lile daftari lilikuwa na kila kitu ambacho ripoti yangu ilikosa. Kwa nini mteja wa zamani awe mzito kuliko mpya? Nikafungua msimbo wa programu. Kufungua akaunti kulituma ulizo moja la jina, moja la deni, kisha ulizo moja kwa kila ankara ya nyuma. Mteja mwenye ankara 22 alihitaji maulizo 24, na kila moja lilingoja lililotangulia lirudi kwanza.

Sasa tufanye hesabu. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti ya Kenya na nje yalipitia setilaiti. Setilaiti hizo hukaa kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ulizo linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, jumla ni zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa kasi ya mwanga, hizo ni karibu sekunde 0.48. Ongeza vituo vya njiani na safari ya nchi kavu mpaka Texas, na pale kaunta nilipata sekunde 0.6 kila mara.

Zidisha 24 kwa 0.6. Unapata 14.4.

Daftari la mama lilikuwa sahihi kuliko seva. Seva ilisema kweli, kila ulizo lilikuwa 0.00, lakini ilikuwa kweli ya kondakta. Nusu dakika kwa wateja wawili, na hifadhidata haikuwa imefanya kazi ya hata robo sekunde.

Dawa yake ilikuwa mchana mmoja tu. Niliunganisha yale maulizo 24 kuwa moja kwa JOIN, na akaunti ya mteja wa zamani ikafunguka kwa chini ya sekunde moja. Kompyuta mpya haikuhitajika, wala mafunzo. Nilimwomba mzee amrudishe mama kaunta, na akamrudisha kesho yake. Marupurupu ya miezi miwili hakulipwa. Mimi ripoti yangu mbovu nilikuwa nimeshalipwa kitambo.

Mwaka uliofuata SEACOM ilianza kazi Julai 2009 na TEAMS ikawa imefika Mombasa, na safari ya kwenda Marekani na kurudi ikapungua karibu nusu. Wengi tulishangilia kwamba programu zetu "zimepona". Hazikuwa zimepona. Maulizo 24 kwa sekunde 0.3 bado ni zaidi ya sekunde 7.

THIKA HIYOHIYO, SIMU MKONONI

Kuna jambo jingine linaloifanya Thika iwe na nafasi katika historia hii. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Oktoba 2005, kabla ya huduma kuzinduliwa rasmi Machi 2007, Thika ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa, pamoja na Nairobi. Seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Hebu fikiria muamala mmoja: mteja anabonyeza namba ya siri kwenye duka la wakala, ujumbe unasafiri hadi Ujerumani, salio linabadilishwa katika hifadhidata, kisha SMS inarudi.

Hakuna wakala aliyewahi kuuliza lile jedwali la Ujerumani lilichukua milisekunde ngapi. Kwake saa ilianza mteja alipobonyeza na ikasimama SMS ilipoingia, ndipo akatoa pesa. Kipimo ambacho wahandisi wa mabenki waligombania mpaka 1989, mama mboga alikitumia bila kufundishwa.

KWA HIYO UFANYE NINI?

Siwaambii mtupe EXPLAIN. Saa ya kondakta ina kazi yake: ndiyo inayokuambia kama faharasa inatumika, au kama jedwali zima linasomwa bila sababu. Lakini isije ya kwanza. Siku hizi mimi hufuata utaratibu huu:

1. Napima pale mtumiaji alipo, kwa mtandao wake na kompyuta yake, tangu anapobonyeza mpaka anapoona.
2. Nahesabu maulizo yanayotumwa kwa tendo hilo moja. Idadi hiyo mara nyingi husema zaidi kuliko muda wa ulizo lolote.
3. Napima safari tupu, yaani SELECT 1 kutoka hukohuko kwa mtumiaji. Naizidisha kwa idadi ya maulizo. Jawabu likikaribia muda wa mtumiaji, seva haina hatia na faharasa haitasaidia.
4. Kisha ndipo naingia ndani ya seva, nikikumbuka kutenganisha mara ya kwanza na mara za baadaye.
5. Siandiki wastani peke yake. Naandika pia wale walioteseka zaidi, kama benki ile ya 1973 ilivyotaka.

Na la sita, ambalo halimo katika kitabu chochote nilichosoma: kama kuna mtu pale amekuwa akiandika kwenye daftari, lisome daftari kabla ya kuandika ripoti.

Haya, kwa leo naishia hapo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazitazama faharasa. Kwaherini.